Wazee Wetu Hawakufumba Macho

Usemi huu umeenea kutoka Pweto hadi Lubumbashi: Mzungu alipofika, sisi tulikuwa na udongo na yeye alikuwa na Biblia, akatuambia tufumbe macho tuombe, na tulipofumbua, Biblia ilikuwa mikononi mwetu na udongo mikononi mwake. Unasemwa matangani, unasemwa na wasomi, na kila unaposemwa watu hupiga makofi. Mimi sipigi. Kwa habari ya kwetu, kando ya ziwa Moero, usemi huo ni uongo, na tena ni tusi kwa wazee waliotuzaa.

Tuanze na tarehe. Julai 1, 1885, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilitoa amri kwamba udongo wote usio na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyeamua upi hauna mwenyewe ni dola hilohilo. Mwaka huohuo mipaka yake ilichorwa kwenye ramani ikaimeza Katanga. Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa kwanza kuishi Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, alifika huko Februari 1886. Basi udongo wa Garenganze, ufalme wa Msiri, ulikuwa umekwisha kuandikiwa bwana wa Ulaya kabla hajatokea mtu wa kufungua Biblia mbele yake.

Na Msiri hakufumba macho. Mtu huyo wa ukoo wa Unyamwezi, aliyekuja kwa misafara ya biashara akajijengea ufalme wa shaba na pembe, aliwapokea Arnot na wenzake kama wageni wa baraza lake. Aliwapa mahali pa kujenga, akawaweka chini ya jicho lake, akawatumia alivyotaka. Hakubatizwa, na watu wake karibu wote hawakubatizwa. Mahubiri ya miaka zaidi ya mitano hayakumpokonya ufalme. Uliomwangusha ni mtutu wa bunduki: Desemba 20, 1891, kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold, alimpiga risasi akafa. Mwaka 1900 ikaundwa Kamati Maalumu ya Katanga, nayo ikausimamia udongo huu kama mali ya dola na kampuni. Hiyo ndiyo njia udongo wetu uliyopitia.

Bunkeya iliposambaratika, mmisionari Dan Crawford alihamia Moero, na Luanza ikajengwa juu ya ziwa. Hapo nataka tukae kidogo. Waliokwenda kuishi Luanza ni kina nani? Walikuwamo waliotoroka utumwa, wanawake waliopoteza koo zao vitani, watu wa makabila mbalimbali waliotaka kulala usiku bila kusikiliza nyayo. Mtu aliyewahi kuuzwa anajua kusoma uso wa kila mgeni. Watu hao walipima, wakauliza, wengine wakaondoka, wengine wakabaki na kusomesha watoto wao. Ukiniambia kwamba walipumbazwa, unaniambia kwamba mtumwa aliyejikomboa kwa miguu yake mwenyewe hakuwa na akili.

Tena waliolipeleka neno mbali zaidi walikuwa weusi. Watu wa Katanga waliopelekwa Bihe, Angola, kwa misafara ya utumwa walirudi makwao utumwa ulipokwisha, na baadhi yao walirudi na imani na vitabu. Shalumbo, Msongye aliyewahi kuwinda watumwa, aliongokea Angola, kisha ndiye aliyewafungulia wamisionari wa Mwanza ya Katanga njia ya kwenda kwa Wasongye. Na huko Moba mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya wakati ule. Watu wa namna hii wanafaa kuwa kiini cha historia yetu ya Ukristo, nasi tumewaacha pembeni kwa sababu usemi wetu una nafasi ya Mzungu mmoja mjanja na Waafrika wengi waliosinzia.

Siwatakasi wamisionari. Mei 26, 1906, dola la Leopold na Vatikani walipatana kwamba misioni za Kikatoliki zipewe udongo, hektari 100 au 200 kila moja, nazo zifungue shule. Askofu de Hemptinne, hapa Lubumbashi, aliutetea ukoloni miaka mingi. Hayo yameandikwa na yasifichwe. Lakini aliyegawa hizo hektari ni dola, na dola lilikuwa limekwisha kuzinyang'anya.

Nami nauliza: kama Biblia ilikuwa dawa ya usingizi, kwa nini Wabelgiji waliiogopa hivyo kila ilipofunguliwa na mtu mweusi? Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921. Walimhukumu kifo, wakabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha, wakamleta mbali na kwao, gerezani Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Alifungwa miaka 30, akafia humu mjini Oktoba 12, 1951. Watu wa dini ya Kitawala, ambao mafundisho yao yaliingia Katanga kutoka Rhodesia ya Kaskazini, walisakwa, wakafungwa, wakahamishwa. Mwaka 1944 huko Masisi wafuasi wa Kitawala walisimama dhidi ya serikali, na uasi wao ukazimwa kwa damu. Hakuna mkoloni anayemfunga mtu miaka 30 kwa kosa la kuwalaza watu wake.

Kinachonikasirisha zaidi ni kazi ambayo usemi huu unaifanya leo. Sheria ya Bakajika ya 1966 na sheria ya ardhi ya 1973 zilitungwa na Wakongomani, nazo zilirudia wazo la 1885: udongo ni wa dola. Dikulushi, katika teritwari yetu ya Pweto, shaba na fedha zilichimbwa na kampuni ya Anvil Mining. Oktoba 2004 jeshi liliingia Kilwa kuzima uasi mdogo, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuta kwamba watu zaidi ya 70 waliuawa. Magari ya kampuni yalitumiwa na wanajeshi. Kampuni ilijitetea kwamba yalichukuliwa kwa amri ya serikali. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Katanga iliwaachia huru wafanyakazi wa kampuni walioshtakiwa. Ilibidi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu itamke, katika uamuzi uliotangazwa 2017, kwamba Kongo iwalipe waathirika dola za Marekani milioni 2.5.

Pale Kilwa hapakuwa na mtu aliyeombwa kufumba macho. Hata hivyo kijana wa Pweto anayeulizwa udongo wake ulikwenda wapi hujibu kwa hadithi ya mmisionari aliyekwisha kuoza kaburini, huku waliotia saini vibali vya kuchimba madini wako hai, wana ofisi, na majina yao yanajulikana. Waendewe hao, waulizwe.