Badilisha Mkanda wa Taimingi Nyumbani, Usisubiri Ukukatikie Porini

Wengi mmenizoea kwa mambo ya mbegu, viuatilifu na uhifadhi wa mazao. Leo naomba tuongee gari, kwa sababu zao halijawa hela mpaka lifike sokoni. Nyanya, karanga, mpunga na asali za huku kwetu Sikonge, Urambo na Kaliua zinasafiri kwa Hiace, Noah na pikapu zilizotumika kwanza Japani. Ndani ya injini nyingi za magari hayo kuna mkanda wa mpira wenye meno, ule ambao mafundi wanauita belti ya taimingi. Ukikatika, safari imeishia hapo.

Msimamo wangu ni huu: mkanda huo ubadilishwe kwa kuhesabu kilometa, gari likiwa nyumbani, kabla ya msimu wa kubeba mazao. Tabia ya kusema "bado unazunguka, twende tu" inatumalizia mitaji.

Kazi ya mkanda ni kuunganisha krenki ya chini na kemshafti ya juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake pistoni zinapopanda na kushuka. Kwenye dizeli kama 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux, mkanda huohuo unazungusha na pampu ya dizeli. Breki ikiisha inapiga kelele na tairi likiisha unaliona kwa macho. Mkanda umefichwa nyuma ya kava, na mara nyingi hukatika bila kukupa taarifa yoyote.

Hasara inategemea injini. Corolla na Carina za miaka ya 1990 zenye 5A au 4A ya kawaida, na Noah za mwanzo zenye 3S (si zile za D4), mkanda ukikatika gari linazima tu. Unafunga mwingine, unaondoka. Lakini dizeli haina msamaha huo. Pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na hedi lazima ifunguliwe. Fikiria hilo likukute kati ya Ipole na Inyonga, una tenga za nyanya nyuma na abiria wanaokudai nauli yao. Nyanya haisubiri spea itoke mjini.

Kabla ya kununua chochote, uliza kama gari lako lina mkanda kweli. Probox na IST zenye 1NZ au 2NZ, na Noah zilizofuata zenye 1AZ, zinatumia cheni. Ukiambiwa ununue mkanda wa taimingi wa gari hizo, jua hapo kuna ujanja.

Kwa Toyota nyingi zenye mkanda, kipimo cha kawaida ni kilometa 100,000. Dizeli nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo haioni hali ya mkanda, inahesabu kilometa tu. Mtu akiizima bila kubadilisha mkanda, amejidanganya mwenyewe. Kama umenunua gari la mtumba, fungua boneti utafute stika. Mafundi wa Japani hubandika kikaratasi chenye tarehe na kilometa za siku walipobadilisha mkanda. Maandishi yake hutayasoma, lakini namba utazisoma. Usipoona stika wala kumbukumbu yoyote, hesabu kwamba mkanda umezeeka na uubadilishe.

Sasa, nani aifanye kazi? Wengine wanasema mwenye gari asiguse injini kabisa. Sikubaliani nao. Kama umezoea spana na gari lako ni 5A au 4A, unaweza kuifanya uani kwako kwa siku moja. Kama ni dizeli, mwite fundi aliyekwisha kuifanya aje nyumbani, nawe usimame hapo uone. Kosa la jino moja kwenye dizeli linaweza kukugharimu hedi. Vyovyote vile, haya yafuatwe:

1. Gari liwe sehemu tambarare, injini iwe imepoa, na waya hasi wa betri uwe umetolewa. Kama lazima ufungue injini maunti, egemeza injini kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake.

2. Kabla ya kutoa mkanda wa zamani, zungusha krenki kwa spana mpaka alama zote zikae mahali pake, pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa. Piga picha kwa simu. Dizeli ina alama tatu: krenki, kemshafti na pampu.

3. Kagua sili za oili za mbele. Zikivuja, badilisha. Oili inaula mpira, na mkanda mpya utakufa mapema.

4. Badilisha na puli ya kukazia mkanda. Kwenye 3S, wota pampu nayo inazungushwa na mkanda huu, kwa hiyo ibadilishe siku hiyohiyo.

5. Mkanda mpya usiukunje, usiupake grisi, na usiuingize kwa kuuchokonoa na bisibisi.

6. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama zirudi palepale. Ukisikia kitu kinagoma, simama na uanze upya. Usiwashe kwa ufunguo kabla ya hapo.

7. Rudisha kava na bolti zake zote. Vumbi letu la mchanga likiingia humo linasaga mkanda. Andika tarehe na kilometa, ubandike chini ya boneti.

Najua hoja ya hela. Mkanda na puli yake si bei ya soda. Lakini nenda duka la spea uulize bei yake, kisha umuulize fundi bei ya valvu, gasketi ya hedi na ufundi wa kuifungua. Ongeza mzigo ulioharibika na gari la kukuvuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hela ya mauzo ya tumbaku ikiingia, tenga ya mkanda kabla haijaenda kwingine, kazi iishe kabla ya mvua za Novemba.

Wazee wetu wa Unyanyembe walilijua hili la maandalizi. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Tabora, ikatafuta chakula na wapagazi wapya kabla ya kuendelea. Hata Livingstone, mwaka 1872, alikaa Kwihara miezi kadhaa akisubiri watu na vifaa kutoka pwani, akaondoka Agosti vilipofika. Wewe huhitaji miezi. Unahitaji siku moja chini ya mwembe wako.

Jioni ya leo soma kilometa kwenye dashibodi, fungua boneti utafute stika, kisha uamue. Kazi njema.