Kigoda cha Msimulizi Kimebaki Kitupu



Wapendwa waamini, majuzi baba mmoja wa familia alinijia baada ya Misa, akaniomba nizikemee katuni mimbarini. Alisema zinawapumbaza watoto, na kwamba mwanawe wa miaka sita hasikii akiitwa maadamu runinga imewashwa. Nilimwuliza swali moja tu: "Wewe umemsimulia hadithi gani mwaka huu?" Akanyamaza. Kimya hicho ndicho kilichonifanya niandike leo.

Sitazikemea katuni. Nitatukemea sisi.

Wahaya tunayo desturi ya kale: hadithi inapoanza, wasikilizaji humwomba msimulizi aone, ili nao wapate kuona. Mmarekani Peter Seitel, aliyekusanya hadithi zetu, aliyafanya maneno hayo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Wazee walijua kwamba hadithi huonwa, hata gizani jikoni, moto ukiwa umebaki makaa. Filamu fupi ya katuni hufanya kazi ileile: mtu mmoja huona kwanza moyoni, kisha huchora ili wengine waone. Nayo ni kazi ya jasho. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Dakika tano ni picha 7,200. Hata msanii akitumia kila mchoro mara mbili, bado anadaiwa michoro 3,600. Anayeiita kazi hiyo upuuzi hajaijaribu.

Wapo wanaosema: "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha." Si kweli. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikamilisha filamu nzima mwaka 1926 kwa mkasi, karatasi nyeusi na mwanga wa taa. Hapo ng'ambo ya Mutukula, Raymond Malinga na wenzake walitoa mwaka 2017 filamu fupi juu ya Kalabanda, zimwi ambalo wanafunzi wa Uganda husimuliana habari zake. Hawakuazima zimwi la Ulaya. Walimchukua wa kwao. Mwaka 2023 Malinga huyohuyo alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi za Kiafrika uliooneshwa na Disney+. Na Dar es Salaam, shirika la Ubongo lilianza mwaka 2014 kurusha Ubongo Kids, likifundisha hesabu kwa Kiswahili, kwa hadithi na nyimbo.

Sasa sikieni aibu yetu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa Mtanzania. Mtindo wake wa kuchora wanyama kwa rangi kali unajulikana duniani. Lakini Tinga Tinga Tales, katuni iliyobeba jina na mtindo huo katika vipindi 52 vya hadithi za wanyama wa Afrika, ilichorwa Nairobi, kwa ajili ya BBC na Disney. Siwalaumu Wakenya, nawapongeza. Sisi tulikuwa na mchoraji, tukawa na hadithi. Tukakosa wa kuziona.

Najua pia pingamizi la watu wa Kanisa: kwamba hadithi za mazimwi ni za kipagani, na kwamba tukitengeneza katuni, basi iwe ya mafundisho matupu. Nasema hapana! Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa ufafanuzi. Alisimulia habari za msafiri aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, kisha akamwachia muulizaji kazi ya kujibu. Katuni inayosimama kila dakika ili ihubiri ni mahubiri yaliyovishwa nguo za watoto, na watoto huyatambua upesi kuliko tunavyodhani. Hadithi njema iaminiwe. Itafanya kazi yake yenyewe.

Je, tunasubiri nini? Katika vijiji vya Muleba wangali wapo akina bibi wenye hadithi ambazo hazijaandikwa popote, na kila tukitoka makaburini idadi yao imepungua. Mjini Bukoba wapo vijana wanaojaza madaftari ya shule kwa michoro, nasi tunawachapa kwa kuchafua daftari. Kati ya bibi huyo na kijana huyo pamekosekana mtu wa kuwakutanisha. Parokia huchangisha fedha za vipaza sauti na za mahema ya sherehe. Hushindwaje kununua karatasi, mikasi na taa? Simu tunazopigia picha za harusi zinatosha kupiga picha moja baada ya nyingine, mpaka sungura wa karatasi atembee.

Likizo ijayo nitaufungua ukumbi wetu kwa kazi hiyo: bibi mmoja, vijana wachache, hadithi moja. Na wewe mzazi, usiku huu kabla hujaizima runinga ya mtoto, hakikisha unacho cha kuweka mahali pake.

Nawatakieni Jumapili njema.

Paroko wenu