Simu ya Kukunja na Vumbi la Custom

Ukisimama Custom wakati wa kiangazi, pale raksha na bodaboda zinapopishana, utaiona hewa yenyewe kwa macho. Vumbi hilo huingia machoni, huingia katika chai, na halitashindwa kuingia katika bawaba ya simu. (Bawaba ni kile chuma kinachoushika mlango ukafunguka na kufungika, simu ya kukunja nayo inacho.)

Sasa tazama unachouziwa. Mwaka 2019 Samsung ilitangaza Galaxy Fold kwa bei ya karibu dola 1,980 za Marekani. Mwezi wa Aprili baadhi ya waandishi waliopewa kuijaribu walieleza kwamba vioo vimeharibika baada ya siku chache tu. Wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni karatasi ya dukani. Simu haikuuzwa hadi Septemba.

Mtetezi atasema hayo yamepita. Kweli, bawaba zimeimarishwa. Lakini soma tarakimu! Galaxy Z Fold6 ya mwaka 2024 ina daraja la IP48. Hiyo 8 yahusu maji. Hiyo 4 yahusu vitu vigumu, nayo yaahidi kuzuia vile vyenye upana wa milimita 1 au zaidi. Je, umewahi kuona chembe ya vumbi yenye upana wa milimita nzima? Simu nyingi za bei ghali zisizokunjika hupewa 6, yaani vumbi halipenyi. Wala usiambiwe kwamba haiwezekani: Google iliifikia 6 hiyo kwa Pixel 10 Pro Fold mwaka 2025.

Simkatazi mtu kununua. Ninachokipinga ni kimya cha muuzaji anayeisifu simu inayozuia maji huku akijua kwamba adui wa mji huu kwa miezi mingi ni vumbi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria inadai vipuri vya simu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sioni kwa nini mnunuzi wa Juba astahili pungufu ya mnunuzi wa Berlin. Nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Dai kama hilo lina mahali pa kupelekwa.

Wakati huo haujafika bado, kwa hiyo uliza mwenyewe kabla ya kulipa: kioo cha ndani kikipasuka, nani atakibadilisha, hapa Juba au Kampala, na kwa fedha ngapi? Mwambie muuzaji aandike jibu lake kwenye risiti. Akikataa kuandika, mrudishie simu yake.