Kopo Lililofichwa

Wako wasemao kwamba kijana mwenye simu hana haja tena ya kujifunza kutazama. Nakataa. Mchezo wa kutafuta vyombo vilivyofichwa ulianzia Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, mara baada ya serikali ya huko kuacha kuvuruga makusudi ishara za setilaiti zake. Kosa la kama mita 100 likapungua likawa mita chache. Hizo chache ndizo mchezo wenyewe.

Niliwajaribu wanafunzi wangu Gikomba. Kwa idhini ya mama mmoja auzaye mitumba, nilitundika kopo nyuma ya ubao wa meza yake. Mabati ya vibanda yakazipotosha ishara, mshale wa simu ukayumba kama mlevi, na hodari wa darasa akapita pale mara tatu, uso ameuinamishia kioo. Aliyeliona ni msichana mgeni wa mchezo. Alitia simu mfukoni, akamwamkia mama (apekuaye meza za watu kimya kimya sokoni huenda akaitiwa mwizi), kisha akauliza mbona msumari mmoja ni mpya.

Hodari wetu alilalamika kuwa simu ilimdanganya. Haikumdanganya, ilimfikisha mezani, naye hakuitazama meza.