Sare ya Taifa Isishonwe Ugenini

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Mei, wafanyakazi wa nchi hii hutoka kwa maelfu na kuandamana mbele ya viongozi wao, wakiwa wamevaa fulana na kofia zenye nembo za ofisi zao, rangi za Bendera ya Taifa na maneno ya kutukuza kazi. Hapana ubaya katika hilo. Sikukuu ni yao na heshima ni yao. Lakini mtu akizigeuza kola za fulana hizo, si moja wala mbili atakazozikuta na kitambaa kidogo kinachoeleza, tena kwa lugha ya kigeni, kwamba zilishonwa ng'ambo. Na katika mwezi huo huo, huko Simiyu, Shinyanga na Mwanza, msimu wa ununuzi wa pamba ndio hufunguliwa, na mkulima huwa shambani ameinama akichuma. Mfanyakazi anaisifu kazi mjini akiwa amevaa jasho la watu wengine, na pamba ya ndugu yake inafungwa marobota kwenda kuwapa kazi watu hao hao.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili ni dogo. Nguo, kwa maoni yao, ni nguo tu, na mzalendo hupimwa kwa matendo yake wala hapimwi kwa kola. Wangekuwa na haki kama mjadala ungehusu shati la mtu binafsi. Mwalimu mwenye watoto wanne anayekwenda soko la Karume kuchagua suruali ya mtumba hatendi kosa lolote. Anautumia mshahara wake kadiri unavyofika. Fulana ya Mei Mosi, kofia ya sherehe za Uhuru, kitenge cha maadhimisho, vazi la vijana wa halaiki na sare ya askari ni mambo ya namna nyingine kabisa. Hayo hununuliwa kwa fedha ya umma au kwa michango ya wanachama, na huvaliwa ili yaseme neno kwa niaba ya Taifa. Vazi lililoandikwa "Kujitegemea", nalo limeletwa kwa meli, linamsuta yule aliyelivaa.

Chama nacho hakiwezi kukaa pembeni na kuwanyoshea wengine kidole. Msimu wa uchaguzi ukifika, kijani na njano hujaa kila kijiji, na ni halali kabisa kwa mwanachama kuuliza kofia ile imeshonwa wapi na kitambaa chake kimefumwa na nani. Chama kisichomuuliza wakala wake swali hilo kitakuwa na kazi ngumu kumuuliza afisa ugavi wa wilaya.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imehifadhi ushahidi wa hatari ya kuvikwa na mtu mwingine. Wazee walikiita kitambaa cheupe kigumu kisichotiwa rangi "amerikani", kwa sababu katika karne ya 19 kililetwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Kilikwenda bara hadi Ujiji, kikawa ndiyo fedha ya kulipia wapagazi, chakula cha njiani na pembe za ndovu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, kitambaa hicho kikaadimika na bei yake ikapanda katika pwani hii, ingawa hakuna mtu wa Bagamoyo aliyekuwa na ugomvi na mtu wa Virginia.

Kisha wakaja Wajerumani na mpango wa upande wa pili: Mwafrika alime pamba, na kiwanda cha Ulaya kifume. Julai 1905 wananchi wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima, na kitendo hicho kikawasha Vita vya Maji Maji. Mashujaa wa vita hivyo wana makumbusho yao Songea, na kila mwezi wa Februari hukumbukwa kwa heshima zote. Walikufa wakikataa kuwa mashamba ya viwanda vya wengine. Atakayewakumbuka kwa fulana iliyofumwa ng'ambo kwa pamba ya Kiafrika atakuwa amehudhuria sherehe bila kujua inahusu nini.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, nguo ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kushughulikiwa. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilizinduliwa mwaka 1968. Mwatex ikasimama Mwanza, na Mutex ikafuata Musoma. (Wachokozi hupenda kukumbusha kwamba hata suti maarufu ya viongozi wa enzi hizo iliitwa kwa jina la Chou En-lai. Ni kweli, lakini ulioigwa pale ni mshono, na hakuna mwenye akili anayedai mishono itozwe ushuru wa forodha. Kinachogombewa hapa ni kazi: nani amesokota, nani amefuma, nani ametia rangi, nani amekaa kwenye cherehani, na mshahara wa hao wote umelipwa katika mji gani.) Haifai kudanganyana kwamba mambo yaliendelea vizuri. Viwanda vingi vya umma vilidorora kwa ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri, kwa umeme na maji ya kukatika, na kwa mameneja ambao mara nyingine walikiona kiwanda kuwa ni mali isiyo na mwenyewe. Soko lilipofunguliwa, mitumba ikaingia na kuzika kilichobaki. Lakini mtu hauchomi mnazi kwa sababu mkwezi alianguka. Viwanda vya nguo vipo hadi leo Dar es Salaam, Morogoro na Arusha, na pamba ipo; sehemu yake kubwa huondoka nchini ikiwa bado nyuzi mbichi.

Kwa upande wa mavazi ya kijeshi hoja ni nzito zaidi, maana hapo usalama wenyewe unaingia. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa siku saba raia wote wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo wayasalimishe. Amri ile ilikuwa ya haki. Nguo za mabaka zilikuwa zikiuzwa madukani kama mtindo wa vijana, na jambazi hahitaji kitambulisho ikiwa gwanda lake linatosha kumtetemesha mwanakijiji usiku. Hata hivyo, amri kama hiyo hukamata nguo ikiwa imekwisha kufika mwilini mwa mtu. Nchi inayompa mfumaji wa ng'ambo mchoro wa mabaka ya askari wake inamwachia mchoro huo, majora yaliyozidi, na sare zilizokataliwa kwa kasoro. Nani atakwenda kuvihesabu? Kiwanda kilicho hapa nchini kinaweza kukaguliwa asubuhi na jioni, na masalio yake yakachomwa moto mbele ya ofisa. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, limekwisha kuonyesha kwamba vijana wake wanaweza kushona sare. Lakini ieleweke wazi kwamba kushona ni hatua ya mwisho. Kitambaa kikiagizwa kutoka nje kisha kikakatwa na kuunganishwa hapa, kinachoitwa mali ya Tanzania ni uzi wa mishono tu.

Watu wanaoona haya kudai jambo hili, wakidhani kwamba wataonekana wamepitwa na wakati, waitazame Marekani, nchi inayowahubiria wengine soko huria kila uchao. Tangu mwaka 1941 wizara yake ya ulinzi imefungwa na sheria, iliyokuja kujulikana kwa jina la mbunge Berry, kwamba nguo za askari zitengenezwe humo humo nchini, kuanzia nyuzi hadi kifungo cha mwisho, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Ruhusa hiyo ilipotumika vibaya, nchi nzima ilichachamaa. Oktoba 2000 mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Shinseki, alitangaza kwamba askari wote watavaa bereti nyeusi ifikapo tarehe 14 Juni 2001. Muda ulikuwa mfupi, viwanda vya ndani vikaonekana havitoshi, oda zikapelekwa nje, na bereti zaidi ya 600,000 zikawa zimetengenezwa China. Mei 2001 ilitolewa amri kwamba hakuna askari atakayezivaa. Mwaka 2012 wanamichezo wa nchi hiyo walipopelekwa kwenye Olimpiki ya London na mavazi ya gwaride yaliyoshonwa China, kiongozi wa wabunge walio wengi katika Seneti alisema mavazi hayo yakusanywe na kuchomwa moto.

Nchi hiyo hiyo, mataifa ya Afrika Mashariki yalipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, iliyasikiliza malalamiko ya wafanyabiashara wake wa nguo kuukuu. Nchi nyingine zikalegeza msimamo. Rwanda ilikataa kulegeza, na mwaka 2018 ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Asiyetaka askari wake avae kofia ya mgeni alimwadhibu jirani kwa kutaka kuvaa shati lake mwenyewe. Wachumi wanaoendelea kuwasomea wanafunzi sura za soko huria wangetenda haki kama wangewasomea na habari hii.

India nayo ina funzo, ingawa ni la uchungu. Kwa miaka mingi bendera yake ilipaswa kuwa ya khadi, kitambaa cha kusokotwa na kufumwa kwa mkono, kwa heshima ya Gandhi na gurudumu lake. Desemba 2021 kanuni zikabadilishwa, zikaruhusu poliesta na bendera za mashine. Wafumaji wa Hubballi, waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo, walilalamika. Heshima ya bendera haikuondolewa na sheria yoyote, lakini mkate wa waliokuwa wakiifuma uliondoka.

Inabaki hoja ya bei, ambayo ndiyo kimbilio la kila afisa mwenye kalamu ya kutia saini. Atasema fulana ya nje ni nafuu, na juu ya karatasi ya bei huenda ni kweli. Karatasi hiyo haionyeshi mshahara wa msichana wa Morogoro ambao ungelipiwa kodi hapa, wala ushuru wa halmashauri ambao ungejenga darasa ambalo mke wa afisa huyo, naye mwalimu, analililia. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imempa afisa nafasi ya kuwapendelea wazalishaji wa ndani. Asiyeitumia hawezi kusema alifungwa mikono.

Tena bei ya kiwanda cha ndani hupandishwa na afisa mwenyewe. Hukaa kimya mwaka mzima, halafu katikati ya Aprili huandika barua ya haraka akitaka fulana mia tatu za rangi nne ndani ya siku kumi. Hapana kiwanda duniani kinachoweza kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona kwa muda huo, na mwenye duka la fulana za kontena analijua hilo, ndiyo maana humsubiri. Bereti za Marekani ziliponzwa na haraka ya namna hiyo hiyo. Idara zote za mkoa mmoja zikiunganisha mahitaji yao na kuyafikisha kiwandani ifikapo Oktoba, mkulima akiwa ndiyo kwanza anatayarisha shamba, meneja atajua anunue marobota mangapi kabla hayajapakiwa melini, na fulana zitakuwa tayari mwezi mzima kabla ya maandamano.