MAONI YETU: MASHINE YA KUFULIA, TUCHUKUE IPI?



Tangu malipo ya pili ya kahawa yatoke, hapa ghalani mazungumzo ni moja tu: mashine za kufulia nguo. Jumamosi kamati ya mikopo itakaa kuchagua aina moja ambayo mwanachama atakopeshwa, akatwe kwenye mazao ya msimu ujao. Kamati ni watu saba, na tumehesabu: wanaume sita, mama mmoja, naye ndiye anayeandika muhtasari. Hatuna ugomvi nao, ni ndugu zetu. Lakini tunauliza, katika hao sita nani amefua blanketi mwaka huu?

Tunasikia kamati inaelekea kwenye ile otomatiki ya mlango wa mbele, yenye kioo cha duara. Tusiisingizie, ni mashine nzuri. Haichakazi nguo, na mzigo wa kilo 7 unaweza kutumia maji kiasi cha lita 50 tu. Ila inataka maji yaje yenyewe, tena kwa nguvu. Nyingi zinadai presha ya nusu bar, maana yake tangi likae juu ya mashine kwa mita 5 hivi. Nani hapa ana mnara wa mita 5? Sisi tunachota kilulani, na wachache wenye bomba nyumbani wanapata maji kwa zamu. Maji yasipofika, mashine inasubiri, inasubiri, halafu inaandika alama ya kosa na kusimama. Eti unaweza kumimina kwa jagi pale pa kuwekea sabuni. Sawa, mimina. Kisha mimina tena wakati wa kusuuza, na tena. Sasa hiyo otomatiki ni mashine au ni wewe mama?

Halafu haitaki sabuni yetu ya unga ya kufulia kwa mkono, kwa sababu povu linazidi. Umeme ukikatika katikati, mlango umejifunga na nguo zimo ndani na maji yake. Umeme ukipanda na kushuka kama ujuavyo jioni za hapa kwetu, kadi yake inaweza kuungua, na kadi si kitu cha kuchomea na waya wa risasi chini ya mwembe.

Mwanachama mwenzetu mmoja aliinunua mwaka jana, ya mtumba. Ameturuhusu kusimulia, jina tusitaje. Imefua mara nne. Leo juu yake pamekaa televisheni, ndani amehifadhi mbegu za maharage, na anasema panya hawafiki. Deni bado analipa.

Ipo otomatiki ya mlango wa juu. Hiyo kwa kawaida inakunywa maji kuliko hata ya mbele, kwa hiyo tusipoteze karatasi.

Sisi tunasema kamati ichukue ile ya matangi mawili. Tangi moja linafua, la pili linakamua. Wenye maduka mjini wanaidharau, wanaiita ya kizamani. Jumatano tulikwenda nyumba moja yenye nayo tukapima kwa ndoo zetu wenyewe. Tangi la kufulia lilijaa kwa ndoo mbili na kidogo za lita 20. Yakaingia mashati meupe na sare za shule, yakatoka. Maji yaleyale yakapokea khanga. Maji yaleyale yakamalizia nguo za shamba. Kusuuza, ndoo nne. Mama mwenye nyumba alisema nguo zile kwa mkono zinammalizia ndoo tisa na asubuhi nzima. Ndoo hizo anazibeba nani, wote tunajua.

Umeme nao ni kidogo. Mota ya kufulia ya wati 350 ikienda dakika 15 haifikishi hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Ile ya mlango wa mbele ikichemsha maji, hita yake inafika wati 2,000, na robo saa tu ni nusu uniti.

Na kukamua, jamani! Masika hii watoto wamekwenda shule Jumatatu na sare mbichi mgongoni, ukungu haujaondoka mlimani. Nguo zilizotoka kwenye lile tangi la pili tulianika saa nne, saa nane zikavaliwa.

Ubaya wake tunausema pia. Lazima usimame nayo, uhamishe nguo kwa mkono. Nguo zisipopangwa sawasawa kwenye tangi la kukamulia, mashine inaruka kama mbuzi. Panya hupenda kuingia kwa chini wakatafuna waya, basi ifungwe wavu. Watoto wasitie mkono kabla tangi halijasimama kabisa, na waya wa ardhi uwepo, maana umeme na sakafu yenye maji haviko salama pamoja.

Kwa nyumba ambazo nguzo haijafika: yupo mhandisi Mwingereza, Navjot Sawhney, aliyebuni mashine ya kuzungusha kwa mkono, akaipa jina la jirani yake wa kusini mwa India, Divya, aliyekuwa akiteseka na kufua. Dukani kwetu haijaletwa. Chama kingeulizia.

Mzee mmoja alituuliza hapa hapa ubaoni, mama akinunuliwa mashine atafanya nini? Mzee wetu, mashine ya kusaga ilipokuja tukaacha kutwanga, hakuna aliyeuliza swali hilo.

Jambo linalotusumbua sisi ni jingine. Wapo akina mama wawili wanaofulia walimu kwa malipo, na ndicho kinachosomesha watoto wao. Kila nyumba ikipata mashine, wao watakosa kazi. Tunaomba mkopo wa kwanza uende kwao, hata kama hawana kahawa ya kukatwa. Chama kiwadhamini, walipe kidogo kidogo kwa kazi yao.

Na fomu ya mkopo iwe na sahihi ya anayefua, si ya mwenye namba ya uanachama peke yake.

Ijumaa saa tisa alasiri mashine ile ya matangi mawili italetwa uani mwa ghala, iwashwe mbele ya watu. Wanakamati waje na wake zao. Atakayetaka kuijaribu aje na nguo zake na ndoo mbili za maji, maana kilula cha ghalani Ijumaa si zamu yake.

Wahariri, Gazeti la Ukuta