Maji Hayakati, Lakini Yanaokoa

KWA JICHO LA MTAA
Na Mwanahamisi Kilindo

Msimu wa mvua ukianza, maduka ya dawa muhimu mitaani kwetu huwa na ombi moja: "Nipe Flagyl ya maji, mtoto anaharisha." Muuzaji haulizi choo kikoje, wala kama kina damu. Anashusha chupa, anapokea hela. Pakiti za ORS, ile chumvi na glukosi ya kuyeyushwa kwenye maji, ziko rafu ya chini, zinakula vumbi.

Sina ugomvi na Flagyl. Kwa amiba na giadia inafanya kazi yake. Lakini mtoto mdogo anayeharisha majimaji na kutapika, mara nyingi tumbo lake limevamiwa na virusi, na chupa ile haiui kirusi hata kimoja. Chanjo ya virusi vya rota tunayo kliniki tangu 2013, imesaidia, ila virusi vya tumbo ni vingi.

Shida yetu ni kwamba tunataka dawa ya "kukata" tumbo. ORS haikati. Mtoto atakunywa na bado ataharisha siku mbili tatu, na bibi atasema si niliwaambia. Lakini anayekufa kwa kuharisha mara nyingi hufa kwa kukaukiwa maji, na hapo ndipo ORS inapofanya kazi: glukosi hupenya ukuta wa utumbo pamoja na chumvi, maji yakafuata, hata utumbo ukiwa mgonjwa. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowapiga wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliona dripu zinamwishia. Akaamua wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na glukosi, na ndugu zao ndio wakawa wauguzi. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

(Na wanaodai kuota meno ndiko kunaharisha, wayaache meno. Mtoto huanza kuota meno umri uleule anaoanza uji na kutambaa, huku kila anachookota kinaingia mdomoni. Meno yanasingiziwa.)

Anayetaka kuharisha kupungue siku, zinki ipo: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. WHO na UNICEF walishauri hivyo mwaka 2004, na mwaka 2019 WHO ikaingiza ORS na zinki, zikiwa kwenye pakiti moja, katika orodha ya dawa muhimu za watoto. Sasa kwa nini dukani kwetu bado zinauzwa kila moja peke yake, au zinki haipo kabisa?

Naliomba Baraza la Famasia lifanye jambo moja: dawa yoyote ya kuharisha kwa mtoto wa chini ya miaka mitano isitoke dukani bila pakiti hiyo ya ORS na zinki. Na muuzaji aulize kwanza. Kama kuna damu kwenye choo, macho yamedidimia, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, asiuze kitu. Amwelekeze mama kituo cha afya saa hiyohiyo.